Gari Halivuti: Mtafute Mchawi Kabla Hujanunua Spea

Mlima Kitonga hauna siri. Ukitoka Morogoro kwenda Iringa, ukishaipita Ruaha Mbuyuni na kuanza zile kona, gari lenye ugonjwa hujitangaza lenyewe. Langu lilijitangaza mbele ya abiria wanne. Ni Toyota IST yenye injini ya 1NZ-FE, cc 1,500, gari lisilo na makuu: unakanyaga, linaondoka. Siku hiyo nilikanyaga mpaka pedali ikagusa sakafu, mlio ukaongezeka, mwendo ukabaki palepale. Lori la konteina nililokuwa nimelipita Mikumi likanikuta mlimani na kunipigia honi.

Niliporudi Dar nikalipeleka gereji. Fundi akachomeka mashine, ikatoa kodi (namba ya hitilafu) P0171, akatikisa kichwa: "Bosi, injini inakosa mafuta. Pampu imechoka." Tukanunua pampu. Vilevile. Tukanunua koili mbili za kuwashia plagi. Vilevile. Wiki ya tatu nikafungua boneti mwenyewe, tochi mkononi, na nusu saa baadaye nikamkuta mchawi: mpira wa hewa umepasuka kwenye mikunjo, upande wa chini ambao jicho halifiki mpaka uupinde kwa mkono.

Hatua zilizo hapa chini ndizo ambazo ningezifuata tangu mwanzo, kwa mpangilio ambao ningeufuata. Zinahusu magari ya petroli yasiyo na turbo, hasa hizi Toyota ndogo zilizojaa barabarani kwetu. Injini kama ya kwangu imo pia kwenye Raum, Probox, Spacio na Premio za cc 1,500. Dizeli ina mambo yake, sitaigusa.

Utahitaji soketi namba 10, soketi ya plagi namba 16, bisibisi ya nyota, tochi, geji ya upepo, kopo la sprei ya kusafishia sensa ya hewa, na ukiweza, kile kifaa kidogo cha OBD kinachosoma kompyuta ya gari na kuunganishwa na simu. Fanya kazi injini ikiwa imepoa, mahali penye hewa, na sigara iwe mbali.

Kabla ya yote: je, gari linaumwa kweli?

Kuna wanaotibu gari lisiloumwa. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kila unapopanda mita 1,000, kwa sababu hewa inakuwa nyembamba. Mtu anayetoka Dar na kuhamia Mbeya, karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ataona gari "limechoka" na hakuna kilichoharibika. Wa Mombasa akifika Nairobi ni hivyohivyo. Ongeza watu watano, magunia mawili ya viazi na kiyoyozi kinachozunguka, injini ya cc 1,300 ifanye nini?

Kwa hiyo zima kiyoyozi, ondoa mizigo, kisha angalia mambo mawili ya kipuuzi ambayo yamewahi kula pesa za watu. La kwanza ni taa ya O/D OFF kwenye dashibodi. Ikiwaka, kitufe cha pembeni ya gia kimebonyezwa, gari haliingii gia ya juu kabisa, na barabara kuu utaliona linalia sana bila kwenda. Kibonyeze tena, taa izime. La pili ni kapeti. Zile kapeti nene za plastiki zinazouzwa barabarani hujikunja chini ya pedali ya mafuta na kuizuia isifike mwisho. Toa kapeti, kanyaga mpaka chini, uone kama safari ya pedali imeongezeka. Usicheke, jirani yangu alifungua throto (mlango wa hewa wa injini) mara mbili kabla ya kuinua kapeti.

Kisha pima. Hii ndiyo hatua inayorukwa na kila mtu, na bila hiyo utabaki kusema "naona kama limepata nafuu kidogo." Tafuta kipande cha barabara kilichonyooka, tambarare, kisicho na watu wala magari, ambapo mwendo wa 80 unaruhusiwa. Jumapili alfajiri panafaa. Abiria ashike simu yenye saa ya kuhesabu. Endesha 40, kanyaga mafuta mpaka mwisho, ahesabu sekunde hadi ufike 80. Rudia mara tatu, mara moja ukiwa umegeuza upande ili upepo usikudanganye. Andika. Langu lilichukua sekunde 11 na ushei. Baada ya kila hatua utarudi kwenye kipande hichohicho na kupima tena. Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, la sivyo hutajua dawa ilikuwa ipi.

Injini ni dhaifu, au nguvu inapotelea njiani?

Wakati unapima, mwangalie mshale wa RPM (mizunguko ya injini kwa dakika). Ukikanyaga na mshale ukaruka juu upesi, injini ikalia kama imechomoka, lakini gari likajivuta, basi injini yako huenda ni nzima. Nguvu inapotea kwenye gia boksi. Ukikanyaga na mshale wenyewe ukapanda kwa uvivu, au ukagoma kwenye 3,000, tatizo liko injini au kwenye eksozi. Na kama mshale unapanda vizuri kulingana na mwendo lakini gari ni zito tangu linapoondoka, shuku breki na matairi.

Breki na matairi ni kazi ya dakika kumi. Jaza upepo kulingana na kibandiko kilichopo kwenye fremu ya mlango wa dereva, usifuate makadirio ya kijana wa upepo. Kisha endesha kilomita tano hivi ukitumia breki kidogo iwezekanavyo, simama, sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Rimu moja ikiwa na joto kuliko mwenzake wa upande wa pili, breki ya huko imeshika. Kwa uhakika zaidi, zuia matairi mengine kwa mawe, inua tairi hilo kwa jeki, weka gia huru, zungusha kwa mkono. Linapaswa kuzunguka na kusugua kidogo tu. Likigoma, ni pini za kalipa zilizokauka au hendibreki isiyorudi, na hilo si la kusubiri, kwa sababu breki inayoshika mwisho wake huchemsha mafuta ya breki. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake.

Gia boksi ya otomatiki: IST za kizazi cha kwanza zina kijiti cha kupimia haidroliki (mafuta ya gia boksi). Pima injini ikiwa ya moto na inaunguruma, gia iwe P, baada ya kupitisha gia zote moja baada ya nyingine. Soma alama ya HOT. Haidroliki nzuri ni nyekundu au nyekundu iliyofifia. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, clachi za ndani zimeanza kuteleza na hapo nyumbani huna la kufanya zaidi ya kujaza kilichopungua. Aina ya haidroliki imeandikwa kwenye kijiti chenyewe, ifuate. Na kama gari lako ni la CVT (gia boksi ya mkanda), usimruhusu mtu yeyote akuwekee haidroliki ya gia boksi ya kawaida kwa maneno ya "zote ni sawa tu." Si sawa, na CVT haisamehi.

Hewa

Hapa ndipo ningetaka utumie muda mwingi, kwa sababu hapa ni bure, na kwa vumbi letu hapa ndipo penye wachawi wengi.

Anza na ea klina, yaani chujio la hewa. Fungua klipu za boksi, itoe, iinue juani. Mwanga usipopenya kwenye mikunjo, nunua mpya. Nasema nunua, sisemi ipulize. Tumezoea kuipuliza kwa kompresa pale kwa fundi wa matairi, na karatasi yake hutoboka matundu madogo usiyoyaona. Vumbi linapita, linakwenda kutulia kwenye sensa na kusaga silinda. Chungulia pia ndani ya boksi na kwenye mdomo wa bomba linalovuta hewa kutoka mbele. Gari lililolala wiki mbili uani linaweza kuwa na kiota cha panya chenye makombo ya mahindi na vipande vya godoro.

Kutoka kwenye boksi, fuata mpira mkubwa wa hewa hadi kwenye throto. Mpira huo una mikunjo kama ya kodiani. Upinde kwa mikono miwili, fungua kila mkunjo, pitisha tochi chini. Hewa inayoingilia hapo haijapita kwenye sensa, kompyuta haiijui, kwa hiyo haiwekei mafuta. Mchanganyiko unakuwa mkavu, gari linasita ukikanyaga. Ubaya wa mpasuko wa aina hii ni kwamba gari likiwa limesimama unaweza kujifunga kwa sehemu. Ukikanyaga, injini inainama kwenye mauntini (mipira inayoishikilia), mpira unanyooka, mpasuko unafunguka wote. Ndiyo maana kwangu kwenye foleni ya Ubungo gari lilikuwa nafuu na Kitonga likaaibika. Kaza klipu zote mbili, na ufuate zile hosi nyembamba zinazotoka kwenye manifoldi (bomba linalogawa hewa kwa silinda), ncha zake hukauka na kulegea. Hosi unayoishuku, ipulizie maji ya sabuni kidogo injini ikiwa inaunguruma: mlio ukibadilika, umepata. Mafundi hutumia petroli au kabureta klina (sprei ya kusafishia kabureta) kwa kipimo hiki. Mimi siwezi kukushauri kumwagia kitu kinacholipuka juu ya eksozi ya moto.

Sensa ya hewa, ile mafundi wanayoiita ea-flo, imekaa jirani na boksi la ea klina, ina skrubu mbili na soketi ya waya tano. Zima gari, chomoa soketi kwa kubonyeza kidole chake, usivute waya. Toa skrubu, ichomoe taratibu. Ndani utaona kinyuzi chembamba kuliko unywele na kitone kidogo cha sensa ya joto. Usikiguse kwa kidole, kitambaa wala kijiti cha pamba. Kipulizie sprei maalumu mara 10 hadi 15 kutoka umbali wa vidole vinne, kiache kikauke nusu saa, rudisha. Kabureta klina haifai hapa, inaacha utando na kula plastiki.

Mwisho throto. Vua mpira wa hewa upande wa injini utaona sahani ya shaba iliyoziba mlango wa hewa. Ikiwa na lami nyeusi pembezoni, loweka kitambaa kwa kabureta klina, futa taratibu. Kama throto ni ya kebo, mwambie mtu akanyage pedali huku injini imezimwa, uone kama sahani inafunguka yote. Ikiishia nusu, kaza kebo. Kama ni ya umeme, haina kebo, basi usiisukume kwa kidole, meno yake ya plastiki hukatika. Baada ya kuisafisha, sailensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) inaweza kucheza dakika kadhaa mpaka kompyuta izoee. Hilo ni kawaida.

Rudi barabarani, pima sekunde.

Taa ya injini na jinsi kodi inavyosingizia

Kama taa ya injini inawaka, soma kodi, lakini ichukue kama malalamiko ya mgonjwa, usiichukue kama hukumu. Fundi wangu alisoma P0171 akasikia "mafuta hayatoshi." Kodi yenyewe inasema tu kwamba mchanganyiko ni mkavu. Mkavu kwa sababu mafuta ni machache, au kwa sababu hewa imezidi? Haisemi.

Kinachosema ni namba ambazo simu inakuonyesha bure: STFT na LTFT. Hizi ni asilimia ambazo kompyuta inaongeza au kupunguza kwenye mafuta ili kusawazisha. Kati ya hasi 10 na chanya 10 usiwe na wasiwasi. Sasa fanya hivi. Injini ikiwa ya moto, soma ikiwa kwenye sailensa, kisha shikilia 2,500 kwa dakika moja, soma tena, kisha abiria asome ukiwa unapanda kilima.

Namba zikiwa juu kwenye sailensa kisha zikashuka ukiongeza mizunguko, hewa inavuja mahali. Sababu ni nyepesi: tundu ni lilelile, lakini kwenye sailensa ni sehemu kubwa ya hewa yote, na ukiongeza mizunguko inamezwa. Namba zikiwa nzuri kwenye sailensa lakini zikapanda kadiri unavyoikamua injini, basi ama ea-flo inadanganya, ama mpasuko wa mpira unafunguka kwa mzigo, ama mafuta kweli hayafiki. Langu lilikuwa 22 kwenye sailensa na 6 kwenye 2,500. Kama mtu angetazama namba hizo siku ya kwanza, ile pampu ingebaki dukani.

Namba nyingine nzuri ni gramu za hewa kwa sekunde. Injini nzima ya cc 1,500, ukiikanyaga mpaka karibu na 6,000 kwenye gia ya pili ukanda wa pwani, inavuta kama gramu 70 hadi 80. Abiria ndiye asome, wewe tazama barabara. Ikiishia 45, ama sensa ni chafu, ama injini haipumui; ukishasafisha sensa na namba isibadilike, nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya masega (kisafisha moshi ndani ya eksozi) hapa chini.

Baadhi ya magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani miaka ya mwanzoni mwa 2000 hayazungumzi na vifaa vya OBD vya bei rahisi hata kama soketi inaingia vizuri. Kifaa kikigoma kuunganika, usidhani kompyuta imekufa. Kwenye Toyota nyingi za namna hiyo unaweza kuunganisha tundu namba 4 na namba 13 za soketi hiyo kwa kipande cha waya, ukawasha swichi bila kupiga stata, ukahesabu jinsi taa ya injini inavyopepesa. Ikipepesa mfululizo bila kupumzika, hakuna kodi. Hesabu matundu mara mbili kabla ya kuchomeka waya, maana namba 16 ina umeme wa betri moja kwa moja.

Moto

Injini inayomisi, yaani silinda moja haiwaki, hutikisika kwenye sailensa na kuguguna ukikanyaga. Taa ya injini ikipepesa ukiwa barabarani, punguza mwendo, usiendelee kuikamua: petroli isiyoungua inakwenda kuchoma masega.

Kwenye 1NZ koili ziko nne, kila moja juu ya plagi yake, imefungwa kwa bolti moja ya namba 10. Kama una kodi ya P0301 hadi P0304, tarakimu ya mwisho ndiyo silinda. Hamisha koili ya silinda hiyo uipeleke nyingine, futa kodi, endesha. Kodi ikihama na koili, koili imekufa. Ikibaki palepale, hamisha plagi, rudia. Dakika 20, shilingi sifuri. Kama huna kifaa, injini ikiwa kwenye sailensa chomoa soketi ya nozeli (kinachopulizia petroli) moja, sikiliza, rudisha, nenda nyingine. Silinda ambayo ukiichomoa mlio haubadiliki ndiyo isiyofanya kazi. Nachagua nozeli badala ya koili makusudi, kwa kuwa ukikata koili petroli inaendelea kumwagika na koili inaweza kukupiga shoti ya maelfu ya volti.

Toa plagi injini ikiwa baridi. Kabla ya kuzilegeza, puliza mchanga utoke kwenye mashimo, la sivyo utaangukia ndani. Shimo likiwa na oili, sili za mashimo kwenye kava ya valvu zimechoka, na oili hiyo huozesha mpira wa koili. Ncha ya plagi ikiwa na rangi ya kahawia hafifu au kijivu, ni salama. Nyeusi ya masizi, mafuta yamezidi. Yenye unyevu wa oili, ringi au sili za valvu. Nyeupe kama chokaa, mchanganyiko mkavu au joto limezidi. Plagi za iridiamu za injini hii zina nafasi ya milimita 1.1 kutoka kiwandani na hudumu hadi kilomita 100,000. Za kawaida zinachoka mapema sana, karibu kilomita 20,000. Soko letu limejaa iridiamu za bandia zenye boksi zuri kuliko la halisi. Ukiona bei ya iridiamu inakaribiana na ya plagi ya kawaida, ni plagi ya kawaida. Kaza kwa mkono mpaka ikae, kisha spana kidogo tu.

Mafuta

Kama ugonjwa ulianza baada ya kujaza kituo fulani, usifungue kitu kwanza. Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa ina okteni ndogo, injini inaanza kugonga, kompyuta inachelewesha moto ili kujikinga, na gari linakuwa zito. Tanzania ilianza kuweka vinasaba (alama ya siri ya utambuzi) kwenye mafuta mwaka 2010 kwa sababu ya uchakachuaji huu huu. Kipimo cha nyumbani: dondosha matone mawili ya petroli kwenye karatasi nyeupe, mbali na moto. Petroli safi hupotea yote. Ikibaki duara la mafuta, kuna kitu kimeongezwa. Nyingine iweke kwenye chupa ya kioo angavu usiku kucha. Kama kuna maji, asubuhi utayaona yametulia chini. Kama kasoro ni ndogo, jaza juu yake petroli ya kituo unachokiamini na umalize tanki. Kama ni maji, tanki lishushwe.

Pampu yenyewe, na chujio lake, vimo ndani ya tanki, chini ya siti ya nyuma. Wengi husema washa swichi usikilize pampu ikivuma sekunde mbili. Kwenye Toyota nyingi za umri huu haivumi mpaka injini izunguke, kwa hiyo ukimya usikutishe. Kipimo cha kweli ni geji ya presha: injini hii inataka psi 44 hadi 50, na isishuke ukikanyaga. Kazi ya kufungua laini ya petroli yenye presha mimi ningemwachia fundi mwenye geji, na nisingelipa pampu kabla ya kuiona namba kwa macho yangu. Dalili zinazoelekeza huko ni gari linalokwenda vizuri mpaka ulikamue mlimani, kisha linaishiwa pumzi kama linazimika, na zile namba za LTFT zinazopanda kwa mzigo.

Masega

Moshi usipotoka, hewa mpya haiingii. Masega yaliyoziba hujulikana hivi: gari linaondoka vizuri asubuhi likiwa baridi, linazidi kuwa zito likipata moto, halivuki 3,000 hata ukanyage vipi, na chini ya miguu pana joto kuliko kawaida. Eksozi ikipoa kabisa, igonge kwa ngumi penye masega. Sauti ya kokoto ndani ina maana yamevunjika. Ukiweza kuazima geji ya vakyumu, iunganishe kwenye manifoldi: ukanda wa pwani sailensa itasoma inchi 17 hadi 21. Shikilia 2,500 kwa dakika moja. Mshale ukitulia, njia iko wazi. Ukishuka taratibu bila kusimama, pameziba.

Hapa uwe macho. Kuna gereji ambazo jibu la kila ugonjwa ni "tutoe masega," na zinajitolea kuyatoa bure. Ndani yake kuna platinamu, paladiamu na rodiamu, na yana wanunuzi. Ukikubali, uliza yaliyotoka yanabaki na nani. Halafu kumbuka kwamba masega hayazibi yenyewe tu: injini inayomisi huyayeyusha, inayokula oili huyaziba. Ukiyatoa bila kutibu hilo, umebaki na ugonjwa, kelele, na taa ya injini isiyozima.

Yaliyobaki

Oili iliyokaa muda mrefu huziba chujio dogo la valvu ya VVT-i (mfumo unaobadilisha muda wa valvu kufunguka). Kodi P0011 ikitokea, badilisha oili na usafishe valvu hiyo kabla ya kununua mpya. P0016 pamoja na kelele za cheni unapowasha asubuhi, cheni imelegea, peleka gereji. Kama umepita hewa, moto, mafuta na moshi na sekunde zako hazijasogea, omba kipimo cha kompreshani (mgandamizo wa ndani) kwa silinda zote nne na wakuandikie namba. Usikubali neno "iko chini" bila namba. Mpe fundi karatasi yako: sekunde kabla na baada, kodi, LTFT kwenye sailensa na kwenye 2,500, ulichobadilisha na tarehe. Fundi mzuri atafurahi kuipata.

Mpira wa hewa niliupata wa mtumba Ilala, ukatoka kwenye Raum iliyokatwa. Sekunde 11 zikawa 8. Nikasafisha ea-flo, zikawa 7. Ile pampu ya zamani niliipeleka kwa fundi mwingine akaijaribu kwa geji: psi 47. Iko stoo, nimeiweka spea.